Kichwa Nusu kwenye Benchi la Wachelewaji

Msusi alikuwa na mdomo, hilo mtaa mzima ulilijua. Lakini jioni ile, njiani kutoka shule, binti yake aliposema haendi tena kusoma, aliuliza neno moja tu: kwa nini?

"Wananiita Mzigo," mtoto alisema. "Eti mzigo uliosahaulika stendi."

Shule ilikuwa na utaratibu wake. Mtoto aliyecheleweshwa kuchukuliwa alikalishwa kwenye benchi nje ya geti, akitazama barabara, ili mzazi aone haya. Haya gani, na mzazi mwenyewe hayupo? Aliyekodolewa macho ni mtoto. Na msusi hakuchelewa kwa kupenda. Kichwa kikishaanza kusukwa, nani atakiacha katikati? Mwenyewe ataendaje kwake, upande rasta, upande timutimu?

Kesho yake mambo yakawa yaleyale. Saa ya kutoka shule ilimkuta na mteja, muuza vitambaa, kichwa nusu. Mara hii hakuharakisha vidole. Alikusanya chanuo na nywele za bandia, akatia mfukoni.

"Inuka, shoga. Tunamalizia shuleni."

"Na kichwa hiki? Una wazimu?"

"Mwanangu anatazamwa kila siku. Wewe leo tu."

Muuza vitambaa akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamfuata.

Binti alikuwa peke yake kwenye benchi, kainama. Msusi akamwinua, akakaa palepale, akamketisha mteja chini mbele ya magoti yake, akaanza kusuka. Wapita njia wakasimama. Mwalimu mkuu akatoka mbiombio.

"Mama, hapa si saluni!"

"Aliyechelewa ni mimi, mwalimu. Nimekuja kuona haya."

"Unatuaibisha mbele za watu!"

"Ehee," msusi alisema bila kuinua macho. "Kumbe inauma."

Mwalimu mkuu alitazama umati, akalitazama benchi, kisha akamwambia mlinzi aliingize ndani, liwekwe maktaba, watoto wasubirie humo.

"Subirini kwanza nimalize," msusi alisema, na wakasubiri.

Binti alikuwa akimpa mama yake nywele, fungu baada ya fungu. Wale waliomwita Mzigo walikuwa wamerudi kuchungulia. Hakujificha.

"Huyo ni mama yangu," aliwaambia.