Watu Thelathini na Saba, Chumba Kimoja

Bernadeta Luhende alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwanachuo mkongwe kuliko wote pale Butimba, na wenzake walimwita Bibi bila haya. Aliuza dagaa Igogo miaka kumi na mitano, hadi mumewe alipofariki akaamua afanye lile alilolitaka tangu utotoni: ualimu. Somo la kwanza la majaribio alianguka. Hili la Maarifa ya Jamii ndilo la mwisho. Akianguka tena, anarudi kwenye dagaa.

Mkufunzi Machibya alikaa dawati la nyuma, kalamu mkononi, uso kama wa mtu aliyekunywa mwarobaini. Bernadeta akabandika jedwali la sensa ubaoni. Jana yake aliwatuma watoto wa darasa la tano wakahesabu watu wa kaya zao, na sasa walitaja: watano, sita, wanne. Mambo yalikwenda vizuri mno.

"Selina?"

"Thelathini na saba, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Selina na mama yake walipanga chumba kimoja, kila mtu alikijua.

"Mnalala wima?" mmoja akauliza.

Selina akavimba mashavu. "Babu kanitajia kwenye simu. Mmoja mmoja!"

Kalamu ya Machibya ikaanza kukimbia. Bernadeta aliingiwa na hofu; hata harufu ya dagaa aliisikia. Ndipo lile neno likamgonga. Kaya! Kwa karani wa sensa, ni watu wanaolala na kula pamoja. Kwa babu wa Selina kule Magu, kwa Kisukuma chake, kaya ni mji mzima wa ukoo, pamoja na binti aliyekwenda kupanga chumba Igogo.

Akachomoa mapema karatasi aliyoiandaa kwa kufungia somo: nakala ya orodha ya zamani ya kijiji kimoja, kaya tisa, watu mia mbili sabini na tisa.

"Gawanyeni. Kila kaya wangapi?"

"Thelathini na mmoja!"

"Walilala wima?"

Safari hii Selina ndiye aliyecheka zaidi.

"Kwa hiyo, kabla ya kuiamini namba," Bernadeta akasema, "muulize aliyehesabu: kwako kaya ni nini?"

"Na kaya yako wewe, mwalimu, mko wangapi?" Selina akauliza.

Mwaka 2022, miezi miwili baada ya msiba wa mumewe, karani alimuuliza hivyohivyo. Alijibu "mmoja", kisha akalia mpaka karani akasahau swali linalofuata.

"Kwa karani, mmoja," akasema. "Kwa Kisukuma, ngoja." Akaanza: mama, kaka zake, wifi wa Misungwi na watoto wake saba, shangazi Wilhelmina. Kengele ikamkuta amefika ishirini na sita, na hakuna mtoto aliyeinuka. Alifurahi. Kumbe ana watu wote hawa!

Akatazama nyuma. Kwenye karatasi ya Machibya tayari palikuwa na neno "Amefaulu". Machibya mwenyewe hakuwa na habari nalo. Alikuwa akihesabu watu wa kwao, na vidole vilikuwa vimemwishia.