Aya ya Kwanza ya Kifo cha Babu

Mwalimu wetu wa uanahabari alikuwa na kalamu nyekundu na hasira za karibu. Alikuwa mhariri mstaafu wa magazeti, mzee mrefu wa Kikamba aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni, na kila Jumatano alasiri alikuja shuleni kwetu, kando ya Barabara ya Ngong, kutufundisha sisi wa kidato cha tatu kuandika gazeti la ukutani. Somo lenyewe halikuwa kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo nilidhani litakuwa mteremko. Nilijidanganya.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuripoti moto mdogo uliozuka maabara. Niliandika kurasa mbili. Nilianza na baridi ya asubuhi ile, nikaeleza tulivyoimba gwarideni, nikamsifu mwalimu wa zamu, na moto ukafika kwenye ukurasa wa pili, ukiwa hoi. Mwalimu akakata ukurasa wote wa kwanza kwa mstari mmoja.

"Nyumba inaungua," alisema, "na wewe unamwuliza mwenye nyumba ameamkaje."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa kweli. Kwetu, yaani kwa watu wa mama yangu huko Vihiga, mtu haingii kwa mwenzake na jambo mkononi. Unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, unakunywa chai mpaka kikombe kiishe, ndipo unasema, "Sasa, kilichonileta..." Anayeanza na kilichomleta hudhaniwa ametoka kupigana.

Lakini mwalimu alitaka nani, nini, lini na wapi, vyote vikae kwenye aya ya kwanza, kwa maneno yasiyozidi ishirini na matano. Muhula mzima nilipigana na aya hiyo. Kufikia likizo nilikuwa hodari mpaka nikawa kero. Mama akiniuliza kama chakula kiko tayari, namjibu kama redio.

Halafu muhula wa pili, nilipoanza kujiona mwandishi, mwalimu akatuletea makala, yale masimulizi marefu ya gazetini. Niliandika kuhusu mzee aliyekuwa akishona viatu mtaani kwetu Woodley, na kama nilivyofunzwa, nikaweka jambo kubwa juu kabisa: kwamba zamani mzee huyo alikuwa mwalimu mkuu. Mhariri akavua miwani.

"Mbona umemaliza kabla hujaanza? Makala hupikwa. Mwache msomaji asikie harufu kwanza."

"Lakini mwalimu, ulisema..."

"Hiyo ilikuwa habari."

"Sasa nitajuaje kama hii ni habari au ni makala?"

"Utajua," akasema, akahamia dawati lingine.

Sikujua. Hadi leo nikilikumbuka jibu hilo napandwa na mori.

Ilikuwa Jumamosi ya muhula huohuo mjomba alipopiga simu. Mama alikuwa akifua shuka katika hospitali moja Parklands, na simu za wafanyakazi zilifungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Kwa hiyo mjomba, mdogo wake mama wa kiume, alipomkosa alinipigia mimi nyumbani. Alianza na mvua. Akaja kwa mahindi. Akauliza masomo. Nikamkatiza nikamwuliza kuna nini. Akataka kujua kama niko peke yangu. Niliposema ndiyo, akarudi kwenye mahindi, na hapo nikajua kuna mtu amekufa. Nikamwuliza kwa mpangilio wa darasani: nani, lini, wapi. Maskini mjomba akajibu kama mtu aliyeshikwa na polisi. Ni babu. Ni leo alfajiri. Ni nyumbani, usingizini.

"Sasa sikia," akasema. "Usimwambie mama yako. Tafuta wale wamama wa kanisa, wawili watatu, waende wakae na yeye jioni akitoka kazi. Hao wanajua kusema. Na anti yako asiambiwe na simu. Unakumbuka ile ya nyanya."

Nilikumbuka. Nyanya alipofariki, anti, mdogo wake mama, aliambiwa kwa simu na jamaa mmoja asiyefikiri. Presha ikampanda, akaanguka jikoni kwa waajiri wake kule Kitisuru, akalazwa siku nne. Mama aliapa jambo hilo halitatokea tena. Yeye ndiye kifungua mimba, na msiba ukitokea yeye ndiye atakayempelekea mdogo wake habari, kwa miguu yake mwenyewe.

Hayo ya anti niliyaelewa. Ya mama ndiyo yaliyonichoma. Yaani kanisa lijue, majirani wajue, Woodley nzima ijue, na mwenye baba awe bado anafua shuka za watu hajui lolote? Mficha maradhi, kifo humuumbua, nikajiambia, na hapa wanataka kuficha kifo chenyewe! Nikavaa viatu nikaenda Parklands. Njiani nilikuwa natunga. Naona aibu kusema, lakini nilitunga: nikapunguza neno hapa, nikahamisha neno pale, mpaka aya ikasimama.

Mlinzi wa lango la nyuma alimwita mama, naye akatoka akiwa na glavu za mpira zinazochuruzika maji.

"Kwani kuna nini? Umekula?"

"Mama, babu amefariki leo alfajiri akiwa usingizini nyumbani kwake, na mjomba amesema mazishi yatapangwa ukifika."

Maneno kumi na matano. Mungu anisamehe, kwa muda mfupi niliona fahari.

Mama alinitazama. Hakupiga ukemi, hakushika kichwa. Aliniuliza tena kama nimekula, kisha akageuka akarudi ndani bila kungoja jibu. Nikabaki na mlinzi, ambaye alikuwa amesikia kila kitu na sasa alikuwa amevua kofia. Nilingoja karibu saa nzima, sijui kama nimefukuzwa au nimesahauliwa. Kilio ningejua la kufanya nacho. Huku kurudi ndani sikukuelewa hata kidogo.

Alipotoka alikuwa amebadilisha nguo na macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa amemaliza shuka zote za zamu yake.

"Nani alikutuma?"

"Mjomba alipiga simu..."

"Nauliza nani alikutuma uniambie hivyo. Kwa geti. Niko na glavu za kazi, soja ananiangalia. Hata mkono hukunishika."

"Nilitaka ujue haraka, Mama. Ni haki yako."

"Haki yangu." Alitembea hatua kadhaa kabla ya kuendelea. "Sasa hata kulia siwezi. Imekwama hapa." Akajigusa koo. "Twende kwa anti yako. Na wewe, tafadhali, hiyo mdomo yako ifunge kabisa. Nitamwambia mzee ni mgonjwa, tunaenda nyumbani kumwona. Hayo mengine atayajua huko, akiwa katikati ya watu."

"Lakini huo ni uongo," nilisema. Ulimi hauna mfupa. Mama akanitangulia kupanda matatu ya Kitisuru, na mimi njia nzima nilikuwa nimevurugika. Ukweli wangu ulikuwa umemuumiza mama. Uongo wake ulikuwa unakwenda kumwokoa anti. Mwalimu alikuwa ametuapia kwamba mwandishi akidanganya mara moja tu, amekwisha. Sasa nani alikuwa sahihi hapa?

Anti alitoka mbio kwenye njia ya kokoto, aproni kiunoni, unga wa chapati mikononi.

"Ala! Hata hamkusema mnakuja! Niaje wewe, mwandishi?"

Mama akaanza. Akauliza watoto wa mwajiri, akauliza mgongo wa anti, akayasifu maua ya bustani, akauliza kama mbwa amepona. Nilisimama pembeni nikisikiliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilielewa kwamba hakuwa anapoteza wakati. Alikuwa anamsogelea mdogo wake kidogo kidogo. Lakini alipofika kwenye neno "mzee", sauti ikakataa. Akajaribu tena. "Mzee ni..."

Anti akamtazama, akanitazama mimi.

"Mama yako ameshindwa kuongea. Wewe ndio unasomea habari. Niambie. Baba yetu ako sawa?"

Nikamwangalia mama. Nilitarajia macho ya kunionya, nikakuta macho ya kuomba, na sikujua yanaomba nini: ninyamaze, nidanganye, au nimsaidie. Nilikuwa na ile aya ya maneno kumi na matano, na nilikuwa na ule uongo wa mgonjwa. Vyote viwili vikanikimbia. Nikaushika mkono wa anti, ule wenye unga.

"Anti," nikasema, "keti kwanza."

Sikujua nimesema nini. Kwetu hakuna mtu mzima anayeambiwa aketi kwanza ili apewe habari ya harusi. Maneno hayo ndiyo habari yenyewe, na kila aliyewahi kufiwa huyatambua. Anti alijishusha taratibu mpaka kwenye kokoto, mkono wake ungali ndani ya wangu, akaanza kulia kwa sauti ya chini. Nilimtazama usoni kwa hofu, nikingoja presha, nikingoja aanguke. Hakuanguka. Alikuwa amekwisha keti.

Mama alisimama kidogo na mkoba wake. Kisha akaketi kando ya mdogo wake, na kilio nilichokizuia adhuhuri langoni pa hospitali kikatoka chote. Walilia pamoja, wakimwita baba yao kwa lugha yao. Nilijuta. Mimi ndiye niliyemfanya mama apokee kifo cha baba yake akiwa wima.

Baadaye, bila kuniangalia, mama alininyooshea mkono.

"Kuja hapa. Keti." Nikaketi. "Sasa niambie. Niambie pole pole."

Nikaanza kumwambia, na nikashindwa kumaliza, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe niliposikia kwamba babu yangu amekufa.