Jiwe la Pembe ya Chini

Mume wangu alikuwa koplo, na kwa miaka yote tuliyokaa kambini sikumbuki siku jeshi lilipotoa kitu bure. Soksi alitia sahihi. Blanketi alitia sahihi, na lilipoungua kwa jiko likakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo jioni aliyokuja kuniambia kwamba kuna mpango wa kuwasaidia wanajeshi wanunue nyumba, nilimuuliza wanampeleka vita gani.

Alinieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Unatafuta nyumba mwenyewe. Jeshi linakuongezea kwenye malipo ya kwanza na kukudhamini kwamba una mshahara. Kampuni ya mikopo inalipa iliyobaki, halafu unakatwa kila mwezi kabla pesa hazijafika mkononi, mpaka nyumba iwe yako. Nikauliza, ukiacha jeshi je? Akasema, kwani nani anaacha? Nikauliza, ukifa je? Akasema nimeanza.

Sisi tulikuwa watu wa kuhama. Baba yangu alikuwa polisi kutoka Ukambani, nikasoma katika miji mitatu kabla ya kumaliza kidato cha nne, nikaolewa na mwanajeshi wa kwetu na kuendelea kuhama. Sitasema uongo, nilipenda. Mpaka leo, na umri umeshapita arobaini, nikisikia lori linanguruma alfajiri mikono yangu inataka kufunga masanduku. Katika kota za kambi sikuwahi kupanda kitu kinachochukua muda kuliko sukuma wiki. Lakini nilikuwa nimemwona mjane mmoja wa laini yetu ya nyumba akipakia vitanda kwenye lori kabla hata waombolezaji hawajaisha mlangoni. Kota ni ya askari, na askari akiondoka, familia inaondoka. Picha ile haikunitoka, na ndiyo iliyonifanya nikubali twende tukaione hiyo nyumba.

Ilikuwa mwisho wa mji wa Nyeri, upande wa barabara ya Mukurweini. Vyumba vinne, kuta za mawe, mabati mekundu, na asubuhi kukiwa hakuna ukungu mlima ulionekana kutoka mlango wa jikoni. Mwenyewe alikuwa karani aliyehamishiwa Nairobi, akaturuhusu tuingie kwa kodi huku mkopo ukisubiriwa. Haraka yake niliitilia shaka. Nilinusa kila chumba, nikagonga dari kwa mpini wa fagio, nikamuuliza mleta maziwa kama kuna mtu aliyewahi kufia humo ndani. Alisema hapana, lakini alisema haraka mno.

Pande tatu za kiwanja zilikuwa na ua wa kayaba, wenye miiba hata kuku hapiti. Upande wa nne, kuelekea bondeni, haukuwa na ua. Palikuwa na mstari wa mimea ya majani mapana marefu, yenye viazi kama vitunguu vikubwa chini ya ardhi, ambayo watu wa huko huiita matoka na huipanda mpakani. Ng'ambo ya mstari huo ilikuwa nepia, majani ya kulishia ng'ombe, ya jirani yetu, ajuza mjane mwenye ng'ombe mmoja na fimbo moja. Nilimwita cucu, yaani nyanya, kama walivyomwita wengine. Yeye aliniita bibi ya soldia.

Kila asubuhi akishakamua ng'ombe, cucu huyu alitembea kwenye mstari wa matoka kutoka juu hadi chini, akigusa kila mmea kwa fimbo. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni. Kwetu Ukambani sikuwahi kuona mtu anakagua maua namna hiyo. Nikajua anayasogeza, kidogo kidogo, kuelekea kwetu. Nilihamisha kamba ya nguo upande ule ili niwe na sababu ya kusimama pale, nikawa naanika hata nguo zilizokwisha kukauka. Naye akaanza kukata nepia ya upande wetu kila siku, hata ng'ombe akashindwa kuimaliza. Tulisalimiana vizuri sana.

Siku ya mkadiriaji wa kampuni ya mikopo ilipangwa kuwa Jumatatu. Jumamosi mume wangu alikuja na wenzake wawili na debe la chokaa. Alisema huyo bwana hatakuta boma kama la raia. Kambini kila njia imepangwa mawe kando, na kila jiwe ni jeupe, na askari aliyekaa kambini miaka mingi hawezi kulala mahali penye jiwe jeusi. Walizunguka kiwanja kizima wakiokota na kung'oa, wakayapanga kutoka lango hadi mlangoni, wakayapaka. Ilipendeza. Niliwapikia chapati, wakala wakitaniana kwamba sasa imebaki bendera tu.

Jua likielekea kuzama nilienda kuanua nguo, nikamwona cucu amechuchumaa kwenye pembe ya chini ya kiwanja, jembe mkononi, anafukia kitu. Aliponiona aliinuka, akajipangusa magoti, akaniuliza kama watoto wamelala salama, swali la asubuhi. Nilimwambia mume wangu kuna jambo pale. Alicheka. "Mama watoto, wewe utaona mwizi hata ndani ya mavi ya ng'ombe. Mwache mama wa watu."

Jumatatu mkadiriaji alikuja na ramani mkononi, mtu mwembamba aliyevaa tai. Mume wangu alikuwa amevaa magwanda yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Nyumba ilimridhisha mkadiriaji. Kisha akasema aonyeshwe bikoni, yale mawe ya mpaka ya serikali, madonge ya zege yenye kipande cha chuma kichwani, moja kila pembe. Tulipata la kwanza, la pili na la tatu chini ya kayaba. Pembe ya chini hapakuwa na jiwe. Palikuwa na udongo mbichi na mmea mmoja wa matoka uliosimama kama mgeni.

Alifunga ramani. Alisema bila jiwe la nne ataandika kwamba mpaka haujulikani, faili irudi, na faili ikirudi nafasi yetu itapewa anayefuata. Askari wanaosubiri mpango ule walikuwa wengi. Nikamwona tena akilini yule mjane wa laini na vitanda vyake, ila safari hii mjane alikuwa mimi.

"Ni yeye," nikasema, nikinyoosha kidole kwenye nepia. "Nilimwona na jembe Jumamosi."

Nepia ikatikisika, cucu akatoka. Alikuwa ameketi humo muda wote. Hakunitazama. Alimtazama mume wangu, kuanzia buti mpaka kofia, kisha akamgeukia yule wa tai.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu hawa ni watu wa serikali," akasema. "Mtu akiona askari anang'oa jiwe, atamwambia nani? Askari? Hiyo jiwe sina. Iko pale kwa njia, imevaa nguo mpya."

Mkadiriaji alipanda hadi kwenye njia na kuanza kugeuza mawe yetu meupe moja baada ya jingine kwa ncha ya kiatu. Karibu na mlango alilipata, donge lenye chuma kichwani, chokaa imelifunika vizuri. Ndilo nililokuwa nimeegeshea karai la unga wa chapati.

Kung'oa bikoni ni kesi, na kwa askari ni kesi mbili, ya mahakama na ya kambini. Mume wangu alianza kueleza habari za usafi wa kambini. Nikaona kwa mara ya kwanza jinsi sisi tulivyoonekana kutoka ng'ambo ya matoka: wanaume watatu wa jeshi wanang'oa jiwe la mpaka, na mwanamke anawapikia chapati.

"Na huu mmea?" mkadiriaji akamuuliza cucu.

"Nilipanda kwa shimo yenyewe, kabla haijajifunga. Nilijua kesho watasema jiwe ilikuwa huko kwangu, karibu na ng'ombe."

Mkadiriaji alitoa futi yake ya kamba, akampa mume wangu ncha moja, akapima kutoka jiwe la juu, kisha kutoka jiwe la kando. Mara zote mbili kamba iliishia kwenye shina la matoka. Akatia alama kwenye ramani. Kisha akamuuliza cucu kama ana malalamiko yoyote ayaandike.

Cucu hakuharakisha. Nafikiri alikuwa anatafuta mtego ndani ya swali, maana mimi ningeutafuta.

"Jiwe irudi nikiona," akasema. "Na ioshwe. Mimi sitaki kitu ya jeshi kwa mpaka yangu."

Basi mume wangu alipiga magoti ndani ya magwanda yale, na brashi yangu ya kufulia, akasugua jiwe mpaka likarudi kijivu. Alilizika mwenyewe, mkadiriaji akipima, cucu akisimama juu yake na fimbo. Mmea wa matoka cucu aliuhamisha hatua moja, upande wake, huku ananitazama.

Mkopo ulipita. Siku barua ilipofika nilinunua kilo ya sukari na majani ya chai, nikampelekea. Hakuvuka, wala hakunikaribisha nivuke. Alifungua karatasi pale pale, akachovya kidole kwenye sukari, akaonja, ndipo akasema asante.

Tulikaa miaka sita kabla jeshi halijatuhamisha tena, na kwa miaka yote sita niliamka mapema. Yeye alishuka na mstari upande wake akigusa matoka kwa fimbo, mimi nilishuka upande wangu na kikombe cha chai, tukaonana pembe ya chini. Wote wawili tulilitazama jiwe. Kisha aliniuliza habari za watoto, nikamuuliza habari za ng'ombe, kila mmoja akarudi kwake.

Sasa kuna mpangaji ndani, na mimi niko mbali. Nikipita Nyeri hushuka garini, nikafika mpaka pembe ya chini kabla sijabisha hodi.