Kidato cha Chini cha Bi Hägele

Ewald Eberle alikuwa na kazi ambayo hakuwahi kuona matunda yake kwa macho. Kwa miaka thelathini na moja alisafisha mabomba ya kupozea vinu vya nyuklia, kwa ndani, na ndani ya bomba la kinu hakuna anayechungulia. Humo hujijenga utando mwembamba wa kutu uliobeba mionzi. Ewald na wenzake walijaza mabomba dawa ya zambarau ya kulainisha utando, kisha asidi ya kuuyeyusha, kisha maji yote yakapitishwa kwenye machujio ya kunasa uchafu. Wakarudia mara tatu, mara nne. Mwishowe mtu alishika kipimo nje ya bomba, akasoma namba, namba imeshuka, wakapeana mikono na kwenda kula. Sherehe ndiyo hiyo.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, walikuwa wakiosha kinu kilichozimwa pale mtoni, ili mafundi wa kukibomoa wafanye kazi kwa usalama. Na wiki hiyohiyo, kwa mkosi wake, kibao cha zamu ya kusafisha ngazi za jengo kikatundikwa kwenye kitasa cha mlango wake.

Kwa Waswabia, watu wa kusini mwa Ujerumani, zamu ya ngazi haina mzaha. Mtu husamehewa talaka, husamehewa hata kuoa kutoka ng'ambo ya mto, lakini vumbi kwenye kona halisameheki. Mwenye nyumba, Bi Hägele, mwenye miaka themanini na miwili, hushuka kila Jumamosi saa tisa alasiri na leso nyeupe. Hufuta kona, huitazama leso, huikunja, huondoka kimya. Kimya chake ndicho pongezi, na hakuna aliyewahi kupata zaidi.

Safari hii mambo yalikuwa mazito. Nyumba ya chini katika jengo hilo ilikuwa tupu, na Rike, binti wa Ewald, mjamzito wa miezi saba, aliitaka. Alikuwa akibanana na mumewe katika chumba kimoja juu ya duka la mikate. Bi Hägele alikuwa amesema waziwazi, "Nitaamua Jumamosi nikishaona ngazi. Familia isiyojua kusafisha siipi nyumba mbili."

Ijumaa kinu kikamalizika. Namba ilishuka mara sabini. Wenzake wakampa kadi yenye sahihi zao na mkate wa chumvi uliosukwa, akarudi nyumbani na kichwa kimeota mapembe. Laiti angelala tu.

Jumamosi asubuhi akasimama mbele ya kidato cha chini. Palikuwa na doa la kutu pale, lililoachwa na chombo cha chuma cha kuwekea miavuli, na wapangaji wote wa miaka thelathini walikuwa wamelisugua wakashindwa.

"Ewald," mkewe Irmgard akamwambia, "fagia, piga deki, njoo ule dengu."

"Deki haitoi kutu."

"Bi Hägele halioni tena hilo doa. Amelizoea kuliko alivyomzoea marehemu mumewe."

Mume akatia pamba masikioni. Alikwishanunua dawa ya zambarau kidogo kwa mfamasia, na asidi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akamwaga dawa, akasubiri, na kidato chote kikageuka rangi ya samadi. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Ila Bi Hägele akashuka saa sita, kwa sababu msusi wake alikuwa mgonjwa.

"Bwana Eberle. Hii nini?"

"Hatua ya kwanza, Bi Hägele."

"Ya kwenda wapi?"

"Mwanzoni huwa inatisha. Hata kinuni ni hivihivi."

"Ngazi zangu unaziosha kama kinu?"

"Kwa uangalifu zaidi."

Wakati huohuo Rike akaingia na keki mkononi. Akakitazama kidato, akamtazama mwenye nyumba, machozi yakamtoka. "Baba, umenifanya nini?"

"Nipeni masaa mawili," Ewald akasema.

"Kwa umri wangu masaa mawili ni mengi," akajibu Bi Hägele. Hata hivyo akaomba kiti.

Wakakaa wanawake watatu na kahawa, Ewald kapiga magoti na vitambaa vya asidi. Hakuwahi kufanya kazi akitazamwa, na aliogopa, aliogopa kweli, kwamba amemkosesha mwanawe nyumba kwa kiburi.

Alipoinua vitambaa, rangi ya samadi haikuwepo. Doa halikuwepo. Palikuwa na jiwe jeupe lenye chembe za kijani na nyekundu ambazo hakuna aliyejua kuwa zipo. Ewald akainama, akatazama, akaendelea kutazama.

"Kumbe huwa hivi," akasema.

Bi Hägele akafuta kwa leso. Kisha akainua macho kwenye vidato vingine arobaini na kimoja, ambavyo mpaka asubuhi ile vilisifika mtaa mzima. Sasa vilionekana kama vya zizini. Ewald naye akaona, akajua kosa lake. Miaka yote hakuwahi kuosha kona moja ya bomba akaacha nyingine.

"Umenichafulia nyumba nzima, Bwana Eberle."

Rike akachukua koti. "Twende, mama."

"Keti, binti. Na tumbo hilo unakimbilia wapi? Utahamia tarehe mosi." Bi Hägele akamgeukia Irmgard. "Huyu si amestaafu?"

"Jana. Usiku kucha alijigeuzageuza, hajui Jumatatu afanye nini."

"Sasa anajua."

Ewald alikwishaanza kupiga hesabu ya vidato na masaa, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, ulikuwa wa mtu mwenye furaha. "Nitaanza saa moja asubuhi," akasema.

"Saa mbili," akasema Bi Hägele. "Saa moja bado nakunywa kahawa, nami nataka kuona."