Mti wa Kufutia Pishi

Siku ya kwanza nilifika ghalani kabla ya kengele, nimevaa kanzu ya kuazima, moyo unacheka. Misheni nilisoma miaka mitatu tu, lakini vipimo nilivijua: vibaba vinne ni pishi moja. Njaa ilikuwa imeishika Ugogo yote, na mimi, kijana wa huku huku, ndiye niliyechaguliwa kuwapimia watu mtama wa sadaka, ulionunuliwa kwa fedha za waumini wa Udachi. Nilijiona nitaimbwa ngomani.

Mkuu wangu alikuwa Bruda wa Ghala, mtawa wa Kidachi, mrefu, asiye na maneno mengi. Alinipa pishi ya mbao na mti mnyoofu wa urefu wa mkono.

"Huu wa kufutia," alisema. "Jaza, futa, toa."

Niwaeleze ninyi mliozoea mizani. Kipimo cha kichuguu ni kujaza mpaka nafaka ipande juu na kumwagika pembeni. Cha mfuto ni kupitisha mti, nafaka ikawa sawa na mdomo wa pishi. Kwetu mfuto ni wa wachuuzi. Mwenye njaa hapimiwi hivyo. Kumfutia ni kumwambia mbele za watu kwamba umechoka kumwona. Basi, mtama ulioletwa na punda kutoka Kondoa tuliupokea kwa kichuguu, tukautoa kwa mfuto. Vichuguu vilibaki ghalani.

Haikupita wiki mbili watu wakaacha kuniitikia. Nawasalimu "Mbukwa!" wao wanatazama pishi. Chakula changu nilikila peke yangu, mgongo ukutani.

Siku moja mstarini akaja mama mdogo wangu, Nyemo, aliyenilea mama yangu alipofariki. Miguu ilikuwa imevimba kwa njaa. Nikampimia, nikafuta.

"Yakobo," akasema, kila mtu asikie, "huo mti wako una njaa kunishinda mimi!"

Mstari mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, kisha mkono ukanigomea. Nikauweka mti chini ya kiti, nikampa kichuguu, yeye na wote waliomfuata.

Jioni Bruda akauliza, "Magunia ya juu yako wapi?"

Ndipo nikajua kwamba vile vichuguu vinavyobaki vina jina, 'ya juu', na magunia yake, na kwamba kila Jumamosi huuzwa kambini kwa wajenzi wa reli.

Nikapelekwa kwa Padri Mkuu. Hakuwa mwizi, viatu vyake vilikuwa na viraka, na uji alikunywa kama sisi.

"Baba Padri, watu wa kwenu walitoa sadaka ili watu wapate kula, au ili mtama uuzwe?"

"Walitoa kwa kazi ya Mungu. Njaa itapita, kijana. Wakimtuma mtu aje kutazama, ataona nini? Matumbo yaliyoshiba mwaka jana? Ataona paa la kanisa."

"Wameandikiwa kwamba ni paa?"

"Sasa wewe unampimia Mungu?"

"Hapana, Baba. Nampimia mama yangu mdogo."

Kesho yake ghala likapata mpimaji mwingine, na mti ukarudi kazini. Mama mdogo hakurudi mstarini. Nilisikia amewafuata shemeji zake upande wa Kondoa, kwa miguu ile ile. Kama alifika, hakuna aliyewahi kuniambia. Hata leo najiuliza: ningefuta nikanyamaza, si ningebaki ghalani nikamgawia posho yangu?

Mimi nikatupwa kazini kwenye tanuri la matofali, tena ya kanisa hilo hilo. Baadaye nikapata kazi bomani Dodoma, chini ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kupima ngozi za ng'ombe. Bomani waliniita mtu wa misheni. Misheni wakaniita mtu wa boma. Vijijini nilibaki Yakobo wa Mti. Kuoa nilichelewa, halafu nikaacha kujaribu.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza, mkikabidhiwa kipimo, ulizeni siku hiyo hiyo kinachobaki kinakwenda wapi. Mimi niliuliza nimechelewa.

Jumapili huenda kanisani. Ni jengo zuri, sisemi uongo, na mabati yake bado mazima. Nakaa benchi la nyuma, upande usio na watu. Mvua ikianza kuyapiga, mahubiri hayasikiki tena. Nasikia mtama unamiminwa, na mkono wangu wa kulia unapapasa chini ya benchi, unautafuta ule mti.