Walipoinuka Waliokufa

Jirani akipulizia pamba yake, harufu ya dawa inaingia hadi jikoni kwangu, nami narudi mapajani kwa mama.

Tulikaa juu ya magunia, ndani ya ghala la pamba, milango imefungwa kuzuia jua. Mwalimu aliwasha jenereta. Kwenye shuka lililotundikwa ukutani ikaonekana tamthilia iliyorekodiwa jukwaani: kijana analipiza kisasi cha baba yake aliyeuawa. Aliwachinja wauaji mmoja mmoja, damu ikatiririka kwenye mbao, na wanawake nyuma yetu wakaguna.

Baba yangu alikuwa amekatwa mapanga na wezi wa ng'ombe wakati wa palizi ya msimu uleule. Baba mdogo akamwambia mama anitoe nje.

"Mwache aone," mama alisema. "Kifo anakijua."

Nikaona vyote. Mwishoni taa za jukwaani zikawaka, waliokufa wakainuka, wakashikana mikono na aliyewachinja, wakainama wakitabasamu. Ghala zima likapiga makofi. Mimi nikageuka, nikatazama mlangoni, nikimngoja baba.

Ndipo mama aliponivuta, akanifunika uso kwa kanga yake, yenye harufu hii hii.

"Hapa usiangalie," alisema. "Huu sasa ni uongo."