Kaburi la Kwanza la Kijiji Kipya

Kijiji chetu kipya kilinuka majani mabichi ya kuezekea na udongo uliochimbwa jana. Tulikuwa tumehamishwa kutoka milimani, nyuma ya Mbuji, ambako kila ukoo ulikuwa na mlima wake na wafu wake walilala kati ya mibuni, karibu na jiko. Huku chini tulipangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Ukipiga chafya, jirani anakupa pole. Viongozi walitupimia kila kitu, mpaka kiwanja cha makaburi. Kiwanja hicho kilifyekwa vizuri kikakaa kitupu, na watu wazima walikipita bila kukitazama. Kwetu mtu huzikwa pembeni mwa mtu wake. Nani angekubali mzazi wake awe wa kwanza pale, alale peke yake?

Masika yale bibi, mama yake baba, akaugua. Kila jioni alimwambia baba, "Mwanangu, unipeleke kwa baba yako." Babu alizikwa kule mlimani. Baba akaenda kuomba ruhusa kwa katibu wa kijiji, kijana mpole aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, nami nikamfuata.

"Pole sana, mzee," katibu alisema. "Nikikuruhusu wewe, kesho wote watarudi huko."

"Ndiyo, ndugu katibu," baba akajibu, basi. Nilimchukia kwa ndiyo ile. Lakini angefanya nini? Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imebomolewa, na waliokutwa wakirudi milimani walilala mahabusu.

Bibi akafa, akazikwa katikati ya uwanja ule mtupu. Tangu siku hiyo baba hakutoka shambani bila kupita pale, kuvua kofia na kusema, "Shikamoo, mama." Miaka ikapita, amri zikalegea, baadhi ya majirani wakaanza kurudi kwenye milima yao mmoja mmoja. Mama alishafunga mizigo. Baba akakaa mlangoni, akasema, "Nimwache na nani?" Tukabaki. Asubuhi niliona moshi wa wenzetu kule juu, nikalia kwa hasira.

Leo makaburi yale yamejaa mpaka barabarani, na baba yumo. Mtu akifia Dar es Salaam, ndugu wanachanga, wanakodi gari, wanasafiri usiku na mchana kumleta hapa, na msemaji wa familia anatutangazia kwamba marehemu amerudishwa kwao. Mimi huinamisha kichwa. Kwao bibi ni pale juu tu, unatoka asubuhi na kufika kabla jua halijawa kali, na hatukumrudisha.